Reli ya Kati juu ya meza: mandhari kwanza, treni baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kibondo

HAKUNA reli inayopita Busunzu. Mkazi wa kata hiyo ya Wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, anapotaka kupanda treni hana budi kusafiri kwa barabara kuelekea kusini, apite Kasulu, ndipo aikute Reli ya Kati huko Uvinza au Kigoma mjini.

Hata hivyo, historia ya Buha haiwezi kuelezwa bila kuitaja treni. Wakati wa ukoloni, Kasulu na Kibondo zilifanywa kuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwaandikisha wanaume wa Kiha kwa maelfu na kuwasafirisha kuelekea mashariki, Morogoro na Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa jina la manamba.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1960 sasa amevuka miaka 80. Wengi wa wasafiri hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kile walichokiona kupitia dirisha la behewa kinaondoka pamoja nao.

Ipo njia moja, ya gharama ndogo na ya kufurahisha, ya kuyaweka masimulizi hayo mahali panapoonekana kwa macho. Njia hiyo ni kujenga nyumbani mfano mdogo wa reli, wenye milima, mto, stesheni na watu wake. Katika nchi kama Ujerumani, Uswisi na Uingereza kazi hii ni burudani ya miaka mingi. Wengi huanza kwa kununua treni, lakini mafundi wanaosifiwa zaidi huanza na mandhari. Kwao treni ni kitu kidogo kinachopita ndani ya nchi kubwa.

Reli nyembamba ni ipi?

Reli hupimwa kwa nafasi iliyopo baina ya vyuma vyake viwili. Reli pana inayotumika katika sehemu kubwa ya dunia ina milimita 1,435, na ndicho kipimo cha reli ya kisasa ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067.

Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, umbali wa karibu kilomita 1,250.

Wembamba huo ulikuwa na sababu. Reli nyembamba hukubali kona kali zaidi, huhitaji tuta dogo, na huweza kuzunguka kilima badala ya kukikata. Kwa hiyo hufuata sura ya nchi, na hapo ndipo unapotoka uzuri wake kwa mtu anayejenga mfano. Kona na mteremko vinavyomchosha dereva wa treni ndivyo vinavyoipa meza uhai.

Hesabu ya kupunguza

Kazi ya kwanza ni kuchagua uwiano. Uwiano unaotumika sana duniani ni 1:87, maana yake kila kitu hupunguzwa mara 87. Ukigawa milimita 1,000 kwa 87 unapata milimita 11.5. Viwanda hutengeneza reli ndogo za milimita 12 kwa ajili hiyo, hasa kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo nyingi zina upana wa mita moja. Reli hizo hizo hufaa kwa mfano wa Kigoma.

Mwenye uwanja mpana anaweza kutumia uwiano wa 1:22.5, ambao reli yake ina milimita 45. Mifano ya ukubwa huo huweza hata kuwekwa bustanini.

Katika uwiano wa 1:87, mtu mzima ana urefu wa takriban sentimita mbili, na kilomita moja huwa mita 11 na nusu. Reli yote ya Dar es Salaam hadi Kigoma ingehitaji meza ya zaidi ya kilomita 14. Ubao wa plaiwudi wa futi 8 unatosha kuonyesha kama mita 210 tu za nchi halisi. Kwa sababu hiyo, mjenzi hulazimika kuchagua, na uchaguzi ndiyo nusu ya kazi.

Kipande kipi cha nchi?

Kwa mkazi wa nyanda za juu, kipande chenye maana kubwa ni bonde la Mto Malagarasi. Mto huo huanzia milimani mpakani mwa Tanzania na Burundi, hushuka hadi kwenye mabwawa makubwa ya Malagarasi na Muyovozi, kisha hugeuka magharibi, hupita Uvinza na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mvua inayonyesha Kibondo, kwa hiyo, hufika kwenye reli kabla ya msafiri wake.

Mpango unaofaa ni kuweka milima ya kijani upande wa nyuma wa meza, pori la miombo katikati, na mto, daraja na stesheni ndogo upande wa mbele. Milima ya nyuma ipakwe rangi iliyofifia yenye buluu kidogo, na miti yake iwe midogo kuliko ya mbele. Jicho litadanganyika na kuona umbali wa kilomita nyingi katika sentimita 60.

Ni vyema pia kuchagua msimu mmoja na kuushikilia. Mwishoni mwa kiangazi nyasi huwa za rangi ya dhahabu, mahali pengine zimeungua, na majani mapya ya miombo huchipua yakiwa mekundu kabla ya mvua. Anayechanganya nyasi za kiangazi na mto uliofurika hujenga nchi isiyokuwepo.

Meza na milima

Meza iwe imara na isiyoyumba. Katika maeneo yenye mchwa, miguu yake iwekwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Tahadhari hiyo si ngeni kwa reli yenyewe, kwani mataruma mengi ya Reli ya Kati yalifanywa ya chuma, ambayo mchwa hawana uwezo nayo.

Milima hujengwa kwa vitu vinavyotupwa kila siku. Vipande vya boksi hukatwa kwa umbo la kilima na kusimamishwa, kisha mikanda ya boksi husukwa juu yake kama wavu. Sponji nyeupe ngumu inayofungashiwa televisheni nayo hufaa. Juu yake hulazwa tabaka tatu au nne za magazeti yaliyolowekwa katika gundi, na mwisho hupakwa jasi nyepesi.

Gundi ya uji wa unga wa ngano ni rahisi kupatikana, lakini huwavuta panya na mende. Kwa hiyo tabaka la juu litumie gundi nyeupe ya mbao, na kila sehemu ikauke kabisa kabla ya kuongeza nyingine. Mwenye haraka hupata mlima wenye ukungu.

Udongo, nyasi na miti

Hakuna rangi ya dukani inayoufikia udongo wa mahali penyewe. Udongo hukaushwa juani, hupondwa na kuchekechwa kwa chujio la chai. Mjenzi hupaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, kisha hunyunyiza udongo huo juu yake. Tone la sabuni ya maji katika mchanganyiko huisaidia gundi kupenya. Ni muhimu kujaribu kwanza pembeni, kwa sababu udongo ulioshikwa na gundi hukolea rangi.

Miti ya miombo hutengenezwa kwa vijiti vikavu vyenye matawi, vikavishwa vipande vya dodoki lililopakwa rangi. Migomba hukatwa kwa karatasi ya kijani na kuzungushiwa kipande cha waya. Machujo ya mbao yaliyotiwa rangi huwa vichaka. Miti isipandwe kwa mistari, isipokuwa kwenye shamba.

Nyasi ndefu hutokana na kamba ya katani. Hukatwa vipande vya sentimita moja au pungufu, hufumuliwa, hutiwa rangi kidogo na kusimikwa kwenye gundi kifungu kwa kifungu. Nyuzi hizo zilitokana na mkonge, zao lile lile ambalo wanaume wa Buha walisafirishwa mamia ya kilomita kwenda kulikata.

Mto usiwekewe maji ya kweli, kwani huozesha ubao. Kitanda chake hupakwa rangi ya tope, iliyokolea zaidi katikati, kisha hupakwa vanishi tabaka baada ya tabaka. Tabaka moja nene hupasuka, bali kumi nyembamba hung'aa kama maji.

Reli na umeme

Si lazima treni itembee. Mfano usiotembea unaweza kujengwa kwa vifaa vya kijijini. Spoki za baiskeli zina unyofu na unene unaokaribia vyuma vya reli katika uwiano wa 1:87. Njiti za kiberiti zilizokatwa katikati hutosha kuwa mataruma, na zipakwe rangi ya kutu badala ya kuachwa na rangi ya mbao. Mchanga uliochekechwa huwa kokoto.

Anayetaka treni itembee atahitaji reli, kichwa cha treni na mabehewa ya kiwandani, vifaa ambavyo mara nyingi huagizwa kutoka nje na si vya bei rahisi. Mifano mingi midogo hutumia umeme usiozidi volti 12, sawa na betri nyingi za sola zinazotumika vijijini, ila lazima kiwepo kidhibiti cha mwendo na fyuzi. Nusu kipenyo cha kona isipungue sentimita 40, na mteremko usizidi sentimita tatu kwa kila mita moja, la sivyo mabehewa yataanguka au kichwa kitashindwa kupanda. Mabehewa matatu au manne yanatosha kwa meza ndogo.

Kazi zote za vumbi, jasi na udongo zikamilike kabla ya treni kuwekwa. Vumbi ndilo adui wa kwanza wa magurudumu madogo.

Stesheni na watu

Stesheni ndiyo moyo wa mfano. Jengo dogo la kuta za boksi na paa la bati lililotengenezwa kwa mabati ya makopo linatosha. Pembeni yake wawepo wachuuzi wa ndizi, dagaa na asali, mama mwenye mtoto mgongoni, na baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Watu hao wa sentimita mbili ndio wanaomwambia mtazamaji ukubwa wa milima.

Yupo pia anayeweza kuonyesha tukio la historia. Meli iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye reli hiyo nyembamba hadi Kigoma, na meli ikashushwa ziwani Februari 1915. Behewa moja la mizigo lenye makasha madogo linatosha kuyaeleza hayo yote.

Kwa Busunzu, hata hivyo, tukio lenye uzito zaidi ni kundi la wanaume waliosimama kandokando ya reli, kila mmoja na mzigo wake, wakisubiri treni ya kuelekea mashariki. Kulipanga vizuri kunahitaji kuuliza. Walivaa nini? Walibeba chakula gani? Nani aliwasindikiza? Majibu hayapatikani dukani wala katika vitabu vya ufundi. Yako kwa wazee, na ni wachache waliobaki.

Kinachobaki

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, yenye kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ya kisasa hunyoosha kona, hupunguza miteremko na hupita kwa mwendo mkubwa. Ni faida kwa msafiri na kwa biashara. Lakini treni iendayo kasi haisimami kila stesheni, na abiria wake hana muda wa kuitazama nchi.

Mfano wa mezani hauwezi kuizuia reli ya zamani isizeeke, wala haukusudii hivyo. Unachoweza ni kumpa mtoto wa Busunzu, ambaye huenda hajawahi kuona treni, nafasi ya kusimama mbele ya mlima anaoufahamu na mto anaoufahamu, kisha aonyeshwe kwa kidole mahali babu yake alipopandia behewa.

Kwa hiyo anayekusudia kuanza asiharakie kununua chochote. Achukue daftari na kalamu, amwendee mzee aliyewahi kusafiri kwa treni hiyo, na amuulize aliona nini dirishani. Jibu lake ndilo ramani ya meza.