Sanadi ya Karatasi Iliyopigwa Picha

Apitaye usiku Kihesa, mtaa wa Iringa kilipo Chuo Kikuu cha Iringa, mbele ya vyumba vya kupanga ambavyo wanafunzi huviita mageto, ataona madirisha yana mwanga wa simu, na wenye simu wamejifunika blanketi kwa baridi, wakingoja madesa, yaani nukuu za masomo, yashuke kwenye grupu la WhatsApp kabla bando halijakatika.

Mimi si katika wanaolaumu jambo hili. Zamani aliyekosa kipindi kwa maradhi alizunguka kutafuta daftari la kuazima, kisha akalipia kudurufu steshenari. Leo CR, mwakilishi wa darasa, huupiga picha ubao, na kabla mwalimu hajatoka mlangoni darasa zima limekwisha kuupata. Hiyo ni neema.

Linalonishughulisha ni sanadi, yaani mnyororo wa waliopokezana elimu. Katika darasa za mwambao, mathalani pale msikiti wa Riyadha wa Lamu, mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya mwalimu, akasahihishwa palepale, na elimu aliyoipokea aliijua imetoka kwa nani. Ujumbe unaopitishwa kwa WhatsApp haumchukui mwandishi wake wa asili. Tangu mwaka 2018 huwekewa alama kwamba umepitishwa, basi, wala hausemi umeanzia wapi.

Muhula mmoja, karibu na mtihani wa takwimu, ilizunguka karatasi ya mwandiko mzuri mno. Sampuli ya kaya 5 zilizovuna magunia 4, 6, 8, 10 na 12 ya mahindi, wastani 8, tofauti za kila kaya na wastani, zikipigwa kipeo cha pili na kujumlishwa, 40, kisha, ili kupata mtawanyiko, 40 ikagawanywa kwa 5, jibu 8. Nusu ya darasa ikanukuu. Lakini anayekisia hali ya kijiji kizima kwa sampuli hugawanya kwa idadi ya kaya ikipunguzwa moja, yaani 4, apate 10, kwa sababu wastani ule umetolewa katika tarakimu zilezile, nazo kwa tabia huwa karibu nao kuliko zilivyo karibu na wastani wa kweli wa kijiji, hata mtawanyiko ukaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Saa tano usiku binti mmoja aliandika, "Kwa nini tano?" Grupu likanyamaza kitambo kirefu. Kisha mwenziwe akajibu kwa sauti, dakika tatu nzima, akikwama na kurudi nyuma, mpaka akaifikia ile 4. Na kwangu mimi somo la juma lile lilianza hapo, si ilipopokelewa picha.

Tangu hapo nawaomba wanafunzi wangu waandike chini ya kila karatasi nani kaikokotoa na kwa kitabu gani. Ile ya mahindi ilirudi grupuni imesahihishwa, ina majina mawili, ukurasa wa kitabu, na swali jipya kwa kalamu nyekundu: je, ikiwa kaya hizo 5 ndizo kijiji chote, tugawanye kwa ngapi?