Chakula Kinachokubali Safari

Wajukuu zangu, Ziwa Nyasa liko mbali na hapa Litumbandyosi, nyuma ya milima. Tena tangu mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, wilaya yetu haina hata kipande kimoja cha ufukwe. Lakini mama akisema leo hatuna mboga, mtoto anapewa hela, anakimbia dukani, anarudi na dagaa wa Nyasa. Nani kawafikisha huku? Na kwa nini ni dagaa, kwa nini mtoto harudi na mbasa mbichi anayeteleza mikononi?

Swali hilo tulifuate pole pole. Litaanzia ziwani, litapita kwenye duka letu, na litatupeleka hadi kwenye maduka ya watu wa Ufilipino, ng'ambo ya bahari.

Usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, wavuvi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huingia ziwani na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Mwanga unapopiga majini, wadudu wadogo wa ziwani hujikusanya pale. Dagaa, ambao watu wa kule huwaita pia usipa, huwafuata wadudu hao ili wale, na hapo ndipo wavu unapowakuta. Mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu dagaa huadimika.

Kunapokucha, kazi inahamia nchi kavu, na hii ndiyo kazi ninayotaka muielewe vizuri kuliko zote. Samaki akifa huoza kwa sababu ya vijidudu ambavyo macho hayavioni. Vijidudu hivyo haviwezi kuongezeka bila maji. Basi mnyang'anye samaki maji yake, vijidudu vinakosa pa kuanzia. Dagaa ni mwembamba; jua likiwaka sawasawa, siku moja au mbili zinatosha kumkausha mpaka ndani. Mbasa ni samaki mnene, yule anayepanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga mayai. Huyo ukimwacha juani mzima, nje anakauka na ndani anaoza. Lazima apasuliwe, apakwe chumvi au abanikwe kwa moshi. Ndiyo maana dagaa alitangulia kufika huku kwetu. Mwili wake unakubali safari.

Kuna wanaoanika mchangani na kuna wanaoanika kwenye kichanja, yaani wavu uliotandazwa juu ya miti. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na mchanga huo utausikia menoni hata uoshe mara ngapi. Dagaa wa kichanjani hupata upepo juu na chini, wakakauka upesi na kubaki wasafi. Masika ndiyo shida: mvua inanyesha, jua linajificha, na shehena nzima inaweza kuharibika. Hapo wengine huwakaanga, wengine huwabanika kwa moshi. Kule ziwani hata nzi wadogo wanaopaa juu ya maji kwa wingu zito hawakuachwa wapite hivi hivi. Watu huwakamata, huwabonda na kuwafanya mkate. Mgeni kutoka Uskoti, David Livingstone, alipokuwa ziwani mwaka 1861 aliukuta mkate huo, akauandika.

Baada ya kukauka, dagaa huingia kwenye magunia. Magunia hupanda gari, na kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini kuna kilometa 66 za milima na kona. Siku hizi ni lami. Mzee wangu alipokuwa kijana njia ile ilikuwa ya miguu na mzigo ulikuwa kichwani, kwa hiyo mkiona lori la dagaa linapita msilione jambo dogo.

Sasa tuingie dukani. Mtoto anayetumwa kununua dagaa ana kazi ya macho, pua na vidole. Macho yatafute mng'ao wa fedha. Dagaa aliyegeuka rangi ya kutu amekaa sana au alianikwa vibaya. Tumbo liwe zima, lisiwe limepasuka. Vidole vimvunje mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji, na huyo ataota ukungu nyumbani kwenu. Chini ya gunia kukiwa na unga unga mwingi, ujue kuna wadudu wanaokula samaki wakavu, nao wameshatangulia kula kabla yako. Pua itakwambia yaliyobaki. Na kwa kuwa dagaa wa Nyasa ni wakubwa kuliko wale wadogo wa Ziwa Victoria, ukifika nyumbani watoe vichwa na tumbo, maana uchungu uko humo, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu, ndipo uwakaange na vitunguu na nyanya.

Muuzaji mzuri anayajua haya yote kabla hujauliza. Mtu aliyezaliwa Liuli akahamia huku bara, au akaenda kuishi Dar es Salaam, humtafuta muuzaji wa aina hiyo mpaka ampate. Atapita maduka mengi yenye dagaa, atasimama kwa yule anayeweza kumwambia hawa ni wa Nyasa na wale ni wa Kigoma, hawa wa kichanja na wale wa mchanga. Bei ikizidi kidogo hanung'uniki. Anachokinunua ni jikoni kwa mama yake.

Basi sasa vukeni na mimi. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, mashariki ya mbali, katika bahari ya Pasifiki. Mamilioni ya watu wake wanafanya kazi nje ya nchi: mabaharia, wauguzi, wahudumu wa hoteli, walezi wa watoto, mafundi. Dubai, ambako Watanzania wengi pia wanaishi na kufanya biashara, Wafilipino wamejaa katika mitaa kama Satwa na Karama. Na walipo wao, hapakosi duka la chakula chao.

Mtu wa Litumbandyosi akiingia duka la namna hiyo kwa mara ya kwanza, atasoma majina asiyoyajua. Lakini akitazama vitu vyenyewe atashangaa. Kwenye rafu kuna dilis, samaki wadogo wa baharini waliokaushwa, urefu wa kidole. Sio ndugu wa dagaa wetu kwa ukoo, ila wamepita njia ile ile ya jua na upepo. Pembeni kuna tuyo, samaki mkubwa kidogo aliyetiwa chumvi kisha akaanikwa. Mfilipino humkaanga asubuhi, akamla na wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, huku akichovya kwenye siki. Harufu yake hujaza nyumba nzima, na kwa aliyelelewa nayo hiyo ndiyo harufu ya asubuhi ya kwao.

Kisha kuna chupa. Bagoong ni samaki wadogo au uduvi waliosindikwa na chumvi nyingi, wakaachwa wachachuke kwa wiki au miezi. Patis ni mchuzi wa majimaji unaotoka kwenye kazi hiyo hiyo. Siki yao hutengenezwa kwa miwa, au kwa tembo la mnazi lililoachwa mpaka likawa kali. Nanyi mnaojua jinsi ulanzi unavyozidi kuwa mkali kila siku inayopita mtaelewa upesi jambo hilo. Siki ndiyo msingi wa adobo, nyama inayopikwa kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga na mchuzi wa soya. Katika nchi ya joto, nyama iliyopikwa kwa siki hukaa zaidi kuliko nyama ya kawaida, kwa kuwa vijidudu vile vile nilivyowaambia havipendi ukali. Jua, chumvi, moshi na uchachu: rafu karibu zote za duka lile zimejazwa na hawa wanne.

Vitu vingine hatuhitaji hata kuelezwa. Kuna ukwaju, wa kutengenezea sinigang, mchuzi mkali wa nyama au samaki. Kuna muhogo uliokunwa ukagandishwa, wa kuoka keki. Muhogo huo ulitoka Marekani ya Kusini kama wetu: Wareno waliuleta Afrika, na Wahispania, walioitawala Ufilipino tangu 1565 hadi 1898, ndio walioufikisha kule. Kuna kiazi kikuu chenye nyama ya zambarau iliyokoza, wanachokiita ube, nao hukigeuza jamu na aiskrimu. Na kwenye jokofu yuko samaki wanayempenda sana, bangus, amepasuliwa mgongoni na kukolezwa siki na kitunguu saumu. Mtu wa Mtwara au Lindi akimwona atamtaja jina bila kufikiri, kwa sababu ni mwatiko, yule yule anayefugwa kwenye mabwawa ya pwani yetu. Ana miiba mingi kupita kiasi. Wafilipino wana mafundi wa kuitoa mmoja mmoja kwa kibano, na samaki aliyetolewa miiba huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Kazi ile inastahili kila senti.

Huko kwao, kijijini na mtaani, Mfilipino hununua kwenye kiduka kidogo kinachoitwa sari-sari, mara nyingi ni dirisha tu la nyumba ya mtu. Hapo ananunua siki ya kupima, kitunguu saumu kimoja, sabuni kipande, mafuta kidogo ya kukaangia leo. Ninyi mliotumwa mafuta ya taa ya kupima na chumvi ya kufungiwa kwenye karatasi mngekuwa wenyeji kule siku ya kwanza. Watu wasiojua huona ni umaskini. Mimi naona ni akili ya kuendesha nyumba kwa hela iliyopo leo.

Msidhani Ufilipino iko kwenye maduka ya Dubai tu. Imefika Zanzibar. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ule unaofungwa kwenye kamba zilizotandazwa kwenye maji ya kina kifupi, mbegu yake ilitoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989. Wengi wanaoulima ni wanawake. Huvuna, huanika juani, kisha huuza kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, ambako hutolewa uteute wa kufanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito. Ila huko ilikotoka mbegu, watu wa visiwa vya Visaya huula mwani wenyewe, na siki, nyanya na vitunguu. Ningependa na sisi tujaribu kuula zaidi.

Nimewawekea mtu mmoja mwishoni kwa makusudi. Jina lake ni Maria Orosa. Alizaliwa Ufilipino, akaenda Marekani kusomea kemia katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na angeweza kabisa kubaki huko. Alirudi kwao mwaka 1922, akaingia kazini serikalini, akaanza kuzunguka vijijini akiwafundisha akina mama kuhifadhi chakula chao wenyewe. Watu walikuwa wananunua vyakula vya makopo kutoka Marekani huku matunda yao yakioza chini ya miti, naye hakulikubali jambo hilo. Alibuni tanuri la chungu cha udongo kwa ajili ya nyumba zisizo na umeme. Nyanya zilipoadimika alichukua ndizi, akazipika na siki, sukari na viungo, zikawa kachapu. Kachapu hiyo ya ndizi, iliyotiwa rangi nyekundu, mpaka leo iko karibu katika kila duka la Kifilipino duniani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia nchini mwake, alitengeneza unga wa soya wenye lishe nyingi na biskuti za pumba za mpunga, zenye vitamini ya kuzuia ugonjwa wa beriberi. Vyakula hivyo vilipenyezwa kwa siri hadi kwa wafungwa waliokuwa wanakufa njaa kwenye kambi za Wajapani walioivamia nchi. Jamaa zake walimwomba aondoke mjini Manila, akakataa kuiacha kazi. Tarehe 13 Februari 1945, mapigano yakiwa yamepamba moto mjini, alijeruhiwa kwa vipande vya kombora, na akafa siku hiyo. Mapishi yake yangeweza kufa naye. Mwaka 1970 mpwa wake aliyakusanya akayaweka kitabuni, na ndiyo maana leo naweza kuwasimulia.

Wajukuu zangu, hapa kwetu kuna bibi wanaojua kukausha uyoga wa porini ukakaa mpaka mvua nyingine, kuanika majani ya kunde yasipoteze ladha, kukausha kumbikumbi na kuwahifadhi. Karibu hakuna aliyeandika. Masika haya uyoga ukitoka, chukueni daftari na kalamu, mkae na bibi, mwandike: kiasi gani, siku ngapi juani, chumvi kiasi gani, wapi pa kuweka. Andikeni na jina lake.