Kuitembea Njia kwa Fikira

Tabibu wa Lulimba, huku Fizi mashariki mwa Kongo, anapomwambia mgonjwa wa presha au wa sukari kwamba kila juma atembee kwa hima angalau dakika 150, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, aghalabu mgonjwa huitikia kwa taadhima, hutia dawa zake mfukoni, kisha hupanda pikipiki akarudi kwake. Wala si kwamba ameudharau wasia, kwani ameusikia na sababu zake amezifahamu, ila baina ya kufahamu na kuinuka kitini pana masafa ambayo elimu peke yake haiyavuki.

Wanasaikolojia David Kavanagh wa Australia, na Jackie Andrade na Jon May wa Uingereza, walieleza mwaka 2005 kwamba shauku ya mtu hupata nguvu zake katika taswira anazoziona, kuzisikia, kuzinusa na kuzionja nafsini mwake, kuliko katika hoja anazojiambia. Atakaye kulithibitisha na alifikirie limau lililokatwa sasa hivi, maji yake yakidondoka ulimini, naye ataona mate yanamjaa kinywani ilhali limau lenyewe halipo. Juu ya msingi huo ulifanywa huko Plymouth utafiti uliotangazwa mwaka 2018: watu 141 wenye uzito uliozidi waligawanywa mafungu mawili, moja likipewa nasaha ya mazungumzo, la pili likifundishwa kujenga taswira, na hapana aliyeonana na mshauri kwa zaidi ya saa nne kwa jumla. Baada ya miezi sita wale wa mazungumzo walikuwa wamepungua kwa wastani kilo 0.74, na wale wa taswira kilo 4.11; na mwaka ulipotimia, hali ushauri umekwisha kitambo, wa taswira walifikia kilo 6.44. Ni kweli kwamba kilichopimwa ni uzito, si matembezi, na kwamba Plymouth si Fizi. Lakini uwezo wa kuona kwa fikira hauna nchi, wala haununuliwi dukani.

Si kila taswira inafaa, hata hivyo, na hapa ndipo wengi wapoteapo. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakipunguza uzito, wakaona kwamba wale waliojipambia ndoto tamu za mwili mwembamba ndio waliopungua kidogo zaidi, kana kwamba nafsi ikishaonja matunda haioni tena haja ya kulima. Kwa hiyo anayeongozwa na aongozwe kuiona kazi yenyewe: mguu wa kwanza ukivuka kizingiti, pumzi ikianza kwenda mbio, jasho, na ule wepesi unaoingia kifuani baada ya kilima.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa makamo mwenye presha. Muuguzi asimchoree picha, bali amwulize: “Papa, kesho ukifunga darasa, utatoka kwa mlango gani? Unaona nini njiani? Harufu gani inakufikia?” Mwalimu atajibu kwamba anashika barabara iendayo Misisi, mihogo imeanikwa kando ya nyumba, harufu yake kali, vumbi la pikipiki, wanafunzi wanaomwamkia, na kwa kuwa picha hiyo ni yake, itamrudia bila kuitwa. Kisha aifunge na jambo afanyalo kila siku, mathalan kunawa uso alfajiri, ili kila maji yakimgusa aione njia yake kwa muda mfupi tu.

Lakini katika nchi hii lazima tuwe na hadhari. Wako miongoni mwetu waliokimbia vita vya 1996 na vya baadaye, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na mtu kama huyo akiambiwa afumbe macho aione njia, huenda akaiona ile aliyoikimbilia usiku na mtoto mgongoni. Asilazimishwe kufumba macho. Achague mwenyewe mahali ambapo moyo wake hutulia, hata uwe ni uwanja wa kanisa. Na uso wake ukibadilika, zoezi likomeshwe papo hapo, azungumzishwe kwa upole. Kadhalika njia inayofikiriwa iwe ni ile inayopitika kwa amani juma hilo. Na mama anayetoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, naye ana presha, asihubiriwe matembezi hata kidogo: atazamwe chumvi yake, dawa zake na usingizi wake.

Mgonjwa anaporudi kliniki, lililo bora ni kumwuliza kwanza ni siku gani alitembea akafurahi, na kumwomba aisimulie kwa mapana, jua lilikuwa wapi na nani alimsalimu; kwani taswira ya kubuni huchakaa upesi, na matembezi yaliyokwisha kutembewa ndiyo yanayoipa rangi mpya kwa juma linalofuata.