Gatete Haina Farasi: Mzigo Unabebwa na Nani?



Mtu akizungumza habari za uchumi wa farasi mbele ya watu wa Gatete, huenda akachekwa. Farasi hapa hayupo, na watoto wa Rumonge humjua kwa picha tu. Hata hivyo jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Farasi tangu zamani ni mfanyakazi: hubeba, huvuta na hupanda mlima. Mahali alipokosekana, kazi yake haikufutwa, bali alipewa binadamu. Makala haya yanauliza binadamu huyo ni nani, anapata nini kwa jasho lake, na chama chake kiko wapi.

WENYE FARASI WANAVYOHESABU

Huko Marekani lipo baraza la wenye farasi, American Horse Council. Kwa hesabu yao ya mwaka 2017, nchi hiyo ilikuwa na farasi wapatao milioni 7.2, na shughuli zote zinazotokana na farasi hao zilitia katika uchumi dola bilioni 122 na kutegemeza kazi milioni 1.74.

Wengi wakisikia hivyo hufikiri ni fedha za mashindano na za matajiri. Sivyo. Hesabu ile ilipata ukubwa wake kwa sababu haikumwacha mtu nje. Alihesabiwa mpiga kwato, daktari wa mifugo, mkulima wa majani, mshona matandiko, dereva wa lori, muuza chakula cha mifugo na anayezoa samadi zizini. Kisha baraza likaichukua hesabu hiyo hadi kwa watunga sheria na kusema: mkitugusa sisi, mmewagusa watu wote hawa. Anayehesabiwa husikilizwa.

Lakini tusidanganywe na ukubwa wa jumla. Bilioni 122 hazituambii mzoa samadi alipata ngapi. Kuhesabu ni hatua ya kwanza; kugawana kwa haki ni hatua ya pili, na hiyo haiji yenyewe.

KWA NINI FARASI HAKUFIKA ZIWANI

Wazee wetu hawakumkataa farasi kwa uvivu wala kwa ujinga. Aliyemzuia ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza nagana, maradhi yanayoua farasi upesi, na mapori ya kutoka pwani hadi Tanganyika yalijaa mbung'o. Stanley alipoanza safari yake ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla hawajafika mbali na pwani. Mwenyewe alifika Ujiji kwa sababu walikuwako wapagazi, ambao kila mmoja alibeba kiasi cha kilo 30 begani au kichwani. Novemba mwaka huohuo yeye na Livingstone walipita kwa mtumbwi kando ya pwani yetu hii wakielekea mdomo wa Rusizi, na jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, linataja tarehe 25 Novemba 1871.

Majina ya wazungu wawili yamechongwa kwenye jiwe. Majina ya wapagazi na wapiga kasia hayakuchongwa. Hiyo ni desturi ya zamani, nayo haijatutoka.

BAISKELI NDIYO FARASI WETU

Leo kazi ya farasi hapa kwetu inafanywa na baiskeli, na injini ya baiskeli ni misuli ya kijana. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mawese yanakamuliwa kwenye mitambo midogo iliyo karibu na mashamba, nayo hayana budi kuufikia mji, soko na barabara kuu ya kwenda Bujumbura, ambako ni kiasi cha kilomita 75. Ziwani zinatoka ndagala na mikeke, na samaki hawangoji. Milimani zinashuka ndizi na mihogo. Kati ya shamba na barabara, kati ya mwalo na soko, ipo baiskeli.

Tufanye hesabu ndogo. Bido moja la mawese la lita 20 lina uzito wa kilo 18 hivi, bila bido lenyewe. Mabido 6 yanapita kilo 100. Kijana husukuma mzigo huo mlimani kwa mguu, na kwenye mteremko maisha yake yako kwenye breki tu. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, lilisema mzigo anaobeba mwilini mwanamume mmoja mtu mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Baiskeli haikutajwa humo, kwa kuwa gurudumu linasaidia. Lakini kwenye kilima gurudumu halijisukumi, na anayejua ni kifua na mgongo wa msukumaji.

Sasa tuhesabu kama wanavyohesabu wenye farasi. Nyuma ya kila baiskeli yuko fundi anayeziba mipira na kunyoosha rimu. Yuko mchomeleaji anayeongeza vyuma ili fremu isikatike. Yuko muuza vipuri, mama wa chakula kando ya njia, mkamuaji na mwenye shamba. Mawese hayo ndiyo kupikia nyumbani na ndiyo sabuni. Wanyonzi wakilala siku moja, mkamuaji hujaza mapipa asiwe na pa kupeleka, na bei sokoni hupanda. Tena katika miaka hii ya karibuni, petroli ilipoadimika nchini na magari yakapanga foleni, baiskeli haikuomba petroli. Iliendelea.

Pamoja na hayo, kijana huyu mara nyingi si mwenye baiskeli. Huikodi, na jioni hulipa hesabu ya siku kwa mwenyewe, mzigo uwe umepatikana au haukupatikana. Akilipa hivyo miezi na miaka, bei ya baiskeli huwa imekwisha kulipwa mara nyingi, lakini baiskeli bado si yake. Siku akianguka, matibabu ni juu yake na fremu iliyopinda ni juu yake. Farasi akivunjika mguu mwenye farasi hupata hasara. Mnyonzi akivunjika mguu mwenye baiskeli hutafuta mwingine.

SOMO LA PUNDA

Wako watakaosema: basi tuleteeni punda. Mwaka 2018 ubalozi wa Ufaransa uligharimia mradi wa kuwapa wakulima wa Gitega punda 10 walionunuliwa Tanzania, ili wawapunguzie kina mama na watoto kubeba mazao, maji na kuni. Baadhi ya wakubwa waliona ni tusi, maana kwa Kifaransa, kama kwa Kiswahili, kumwita mtu punda ni kumwita mpumbavu. Waziri wa kilimo aliamuru punda wawekwe karantini akisema taratibu hazikufuatwa. Ubalozi ulisema zilifuatwa. Sisi hatuamui ugomvi huo. Tunasema hivi tu: ndoo ya maji ilibaki na uzito uleule, na isipobebwa na punda hubebwa na kichwa cha mama.

Wenzetu wa Kenya wanalijua hilo. Huko, baina ya mwaka 2016 na 2018, machinjio yenye leseni yalichinja punda zaidi ya 300,000, na ngozi zikapelekwa China kutengenezea dawa. Wizi wa punda ulienea, bei yao ikapanda, na familia nyingi zilizoishi kwa kuuza maji na kubeba mizigo zikabaki mikono mitupu. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika uliamua kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Thamani ya punda ilionekana vizuri alipokwisha kutoweka.

KAZI YA CHAMA

Tusingoje kuonekana kwa namna hiyo. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama barabarani, na usalama ni jambo jema. Lakini amri ya namna hiyo inapokuja, mwenye kupoteza riziki anapaswa kuwa amekaa mezani, na mezani hakai asiyeandikishwa popote.

Hapo zamani chama cha wafanyakazi kilikuwa cha mwenye mshahara na barua ya kazi. Siku hizo zimepita. Uganda, ambako bodaboda zilianza kwa baiskeli za mpakani Busia, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kiliwafungulia mlango waendesha bodaboda waingie kwa vikundi vyao. Shirika la Kazi Duniani nalo, kwa Pendekezo namba 204 la mwaka 2015, linatambua haki ya watu wa kazi zisizo rasmi kuungana.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi 4 zianze Gatete.

Kwanza, daftari. Kila mnyonzi, fundi na mchomeleaji aandikwe, na mizigo ya wiki moja ihesabiwe, ili tujue kwa hakika ni mabido mangapi yanapita mikononi mwetu.

Pili, mfuko wa ajali. Mchango mdogo wa kila juma unaweza kumtibu aliyeanguka na kulisha watoto wake mpaka apone.

Tatu, ushirika wa baiskeli. Hesabu ya siku iingie katika kununua, ili baada ya muda uliokubaliwa baiskeli iwe ya anayeisukuma.

Nne, kipimo cha mzigo. Tukubaliane wenyewe idadi ya mabido ya juu kabisa, na bei ya kila bido. Mmoja akikubali kubeba 8 kwa bei ya 6, ametuvunja migongo sisi sote.

Ndugu, farasi hawezi kushika kalamu wala kuitisha mkutano. Sisi tunaweza. Daftari lifunguliwe.