Mgongano wa maslahi katika zabuni za halmashauri za Tarime na Serengeti

Mgongano wa maslahi katika zabuni ni hali ambayo mtu mwenye mamlaka ya kuamua nani apewe kazi ya umma ana faida yake binafsi, au ya jamaa yake, katika uamuzi huohuo. Hautofautishwi na hongo kwa ukubwa wa pesa bali kwa asili yake: mgongano upo tangu mhandisi anapokaa kutathmini zabuni ya kampuni ya mdogo wake, hata kama hakuna aliyelipwa chochote na kampuni hiyo ndiyo bora.

Katika mkoa wa Mara, Tanzania, suala hili lina uzito zaidi wilayani Tarime, yenye halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Huko Nyamongo upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri, nayo halmashauri husimamia utekelezaji. Pesa hizo hugeuka madarasa, zahanati, maji na barabara, yaani mikataba.

==Nani anaamua==
Diwani haketi kwenye bodi ya zabuni. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye afisa masuuli, bodi ni ya watumishi, na wajumbe wa kamati ya tathmini husaini tamko kwamba hawana maslahi katika zabuni husika. Hata hivyo madiwani hupitisha bajeti na kupokea taarifa za miradi, na mtumishi anajua nani atamjadili kikaoni. Diwani mwenye maslahi katika mkataba unaojadiliwa anatakiwa kuyatangaza.

Hatari iliyojificha zaidi iko chini, kwenye miradi ya "fosi akaunti", ambapo shule au kituo cha afya hujengwa na mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi. Kamati hizo huchagua fundi, hununua vifaa na kuvipokea. Katika kijiji chenye lori moja la mchanga, iwe Tarime au karibu na Mugumu wilayani Serengeti, mwenye lori anaweza kuwa mjumbe. Kumkataa kunachelewesha ujenzi. Kumkubali bila kuandika popote ndiko kunakoleta tatizo.

==Jamaa ni nani==
Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi, madiwani wakiwemo, kutangaza mali zao, za wenzi wao na za watoto wadogo wasio na ndoa. Miongoni mwa Wakurya undugu haukomei hapo: ukoo, yaani ikiaro, una madai yake kwa mtu aliyepata cheo. Fomu haiulizi kuhusu shemeji.

==Udhibiti==
Tangu 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, unaosimamiwa na PPRA. Marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Kampuni yanazitaka kampuni kutaja wamiliki manufaa wao, ingawa jina la kuazima bado linawezekana. TAKUKURU huchunguza matumizi mabaya ya mamlaka kwa Sheria ya 2007, na ripoti za CAG kuhusu halmashauri huwasilishwa bungeni kila mwaka.