Anayetahiniwa Ni Mfumo, Si Mwanafunzi

Kila muhula uanzapo katika vyuo vikuu vyetu, misururu ya wanafunzi huonekana nje ya afisi za usajili na za karo. Hili ni jambo la kustaajabisha, kwa kuwa huduma hizo zilihamishiwa kwenye mtandao ili misururu itoweke. Utamkuta aliyelipa karo lakini mfumo ungali wamhesabu kuwa mdaiwa. Utamkuta pia aliyechagua masomo yake yote asijue kwamba palikuwa na kitufe cha pili cha kuthibitisha, na sasa jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa. Jibu analopewa aghalabu ni swali: "Kwani hukuyasoma maagizo?"

Swali hilo humtia mwanafunzi hatiani kabla kesi haijasikizwa. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi mkosaji ni mfumo wenyewe, na kwamba kila chuo kikuu kinafaa kuwa na kitengo cha kudumu cha kuitahini mifumo yake kabla haijaachiliwa kwa umma.

Wazo hili si geni. Mwaka 1985, watafiti John Gould na Clayton Lewis walipendekeza kanuni tatu kwa wabunifu wa mifumo ya kompyuta: wawajue watumiaji tangu mwanzo, wapime matumizi halisi badala ya kukisia, kisha warekebishe na kupima tena. Shirika la Kimataifa la Viwango nalo, katika kiwango ISO 9241-11 cha mwaka 1998, lilieleza kwamba urahisi wa matumizi ni kadiri ambavyo watumiaji mahususi huweza kutimiza malengo yao kikamilifu, bila kupoteza nguvu na wakati, tena kwa kuridhika, katika mazingira mahususi. Tuyazingatie maneno hayo ya mwisho. Mfumo uliojaribiwa na mtaalamu aliyeketi mbele ya kompyuta yenye kioo kipana jijini Nairobi haujajaribiwa kwa niaba ya mwanafunzi aliyeko Lodwar, mwenye simu ndogo na data ya kuhesabu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtumiaji hupewa kazi halisi, kwa mfano kujisajili kwa masomo ya muhula na kupata thibitisho. Huachwa aifanye pekee yake huku akitamka kwa sauti yale anayoyawaza, mbinu ambayo Lewis aliieleza mwaka 1982 akiwa katika kampuni ya IBM. Msimamizi hamwelekezi, hutazama anapokwama na kuandika. Mwaka 1993, Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya kasoro. Kwa hesabu hiyo, watu 5 hufichua karibu asilimia 85. Hata hivyo, wastani huo tusiufanye msahafu. Watano wa sayansi ya kompyuta hawawezi kumsemea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka kijijini, wala asiyeona anayetegemea programu ya kumsomea maandishi. Kila kundi lapaswa kuwa na watu wake.

Ugumu umo katika usimamizi. Kwanza, kitengo hiki kisiwekwe chini ya idara inayounda mifumo, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Kiwajibike moja kwa moja kwa Naibu Chansela. Pili, kazi zipangwe kwa uzito wake. Usajili, karo, malazi na matokeo ya mitihani vitangulie, tena vipimwe wakati wa likizo ndefu, kasoro zikiwa bado zarekebishika. Tatu, ripoti iwe fupi na itoke baada ya siku chache, nayo idara husika ilazimike kujibu kwa maandishi ni lipi litakalorekebishwa, lini, na lipi litakaloachwa na kwa sababu gani. Ripoti isiyojibiwa haina tofauti na karatasi ya kufungia maandazi. Nne, mshiriki alindwe. Asirekodiwe bila ridhaa yake, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotutanabahisha, wala mhadhiri asimshurutishe mwanafunzi wake kushiriki kwa kumwahidi alama.

Kwa upande wetu sisi wanaisimu, lipo jambo ambalo wahandisi huenda wasilione. Mwanafunzi anapoambiwa awaze kwa sauti, awaze kwa lugha gani? Akilazimishwa kutumia Kiingereza, atakuwa anapimwa yeye Kiingereza chake, ilhali tulikusudia kuupima mfumo. Aruhusiwe Kiswahili, Sheng au lugha ya mama, na msimamizi awe mtu anayeielewa lugha hiyo. Aidha, malezi yetu ya shule yamemzoesha mwanafunzi kuamini kwamba akikwama, kosa ni lake. Atasema kwa adabu, "Ni mimi sijui," kisha anyamaze. Msimamizi asipomhakikishia mapema kwamba anayetahiniwa ni mfumo, atapata heshima nyingi na ukweli haba.

Msamiati nao unastahili kupimwa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo basi kuna haki ya kudai mifumo inayotumia lugha zote mbili. Lakini tafsiri peke yake haitoshi. Chukua vitenzi "pakia" na "pakua". Cha kwanza huashiria kupeleka faili mtandaoni, cha pili kuileta kwenye kifaa chako. Tofauti yao ni irabu moja, ilhali maana zao zinakinzana. Yamkini anayejua kupakua chakula chunguni atang'amua mara moja. Yamkini pia mwenye haraka atabonyeza kisicho. Kamusi haiwezi kutuamulia. Mtumiaji aliyeketi mbele ya kitufe ndiye atakayetuamulia.

Wapo watakaoteta kuwa vyuo havina fedha. Gharama tunayoizungumzia ni saa moja ya kila mshiriki, nauli yake na chakula cha mchana, pamoja na chumba chenye utulivu. Wanafunzi wa isimu, saikolojia na kompyuta wanaweza kufunzwa kuwa wasimamizi na kuhesabiwa kazi hiyo kama mafunzo ya nyanjani. Linganisha gharama hiyo na ya maafisa wanaotumia wiki nzima kusahihisha kwa mkono makosa yale yale muhula baada ya muhula.

Mwanafunzi akianguka mtihani wetu, tunazo kanuni za kumpa nafasi ya kuurudia. Mfumo wetu unapoanguka, aliyeanguka huhesabiwa kuwa ni mwanafunzi. Huenda akapoteza mwaka mzima kwa ajili ya kitufe, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili amlipie karo asielezwe hata sababu. Basi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na waitwe wanafunzi watano, waketishwe mbele ya mfumo wa usajili, nasi wakubwa wa chuo tunyamaze na kuwatazama.