"Tairi Lilipasuka": Kauli ya Kutendeka na Chanzo cha Ajali za Malori

Ni jambo la kawaida taarifa ya ajali ya lori katika Ukanda wa Kaskazini, kutoka Mombasa hadi Kampala na Kigali, kulifunga suala la chanzo kwa sentensi moja: tairi lilipasuka. Kisarufi, kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka. Mtenda hatajwi wala hahitajiwi. Makala hii inadai kwamba kauli hiyo huficha mchakato ambao aghalabu huwa umeanza saa au siku kadhaa kabla ya mshindo.

Shehena hubebwa na upepo uliomo ndani ya tairi zaidi kuliko mpira wenyewe. Tairi la lori huhitaji kwa kawaida paundi 100 hadi 120 kwa inchi ya mraba. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka; mkunjo huo huzaa joto, na mpira hautoi joto upesi. Joto likizidi, mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma huvunjika, kashata zikabanduka na kutawanyika barabarani. Uzito wa kupindukia na mwendo wa kasi huharakisha jambo lilelile. Kwa matairi yanayofungwa mawilimawili hali ni ya hila zaidi: moja likipungukiwa, mwenzake hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo, na kwa macho yote huonekana mazima. Dereva anayeyagonga kwa nyundo hutambua lililoisha upepo kabisa, si lililopungukiwa robo.

Lawama nyingi huelekezwa kwa matairi yaliyovishwa kashata upya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa 2008 kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ulikuta kwamba sehemu ya matairi hayo katika mabaki ya barabarani inakaribiana na sehemu yake katika matumizi. Barabara za huko si za kwetu, lakini matokeo hayo yatosha kututahadharisha dhidi ya marufuku ya haraka.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 huweka kikomo cha tani 56 kwa gari. Mizani hupima uzito, upepo haupimwi. Tunapendekeza fomu ya ajali idai upepo wa matairi yaliyosalia, alama za mikunjo ubavuni, na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa (3219 ni wiki ya 32 ya 2019).

Yuko pia fundi pancha. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha huwa na nyuzi za chuma zilizochoka. Likijazwa tena, nyuzi huweza kukatika mfululizo kama zipu na ubavu ukamlipukia. Ndiyo sababu hupaswa kujazwa ndani ya kizimba cha chuma, ambacho vibanda vingi vya kandokando ya barabara havina. Ajali hiyo haitokei barabarani, hivyo fomu ya trafiki haitaigusa. Mahali pake ni katika kumbukumbu za usalama kazini.